Dante na Mtakatifu Fransisko katika kalasi za Masisi na Walikale

Labda wengine wenu mtacheka mkisoma kichwa cha habari hii. Mtasema: Padri huyu ametoka wapi? Mtoto wa Masisi amelala nje siku tatu, nyumba ya masomo yake haina mabati tena, mwalimu wake anangoja mshahara, naye anataka kumfundisha mashairi ya Italia ya zamani! Silidharau neno hilo. Mimi mwenyewe nililisema siku ile nilipopewa kazi ya kuwafundisha vijana vitabu bora vya mataifa mengine.

Tena mwaka ule wa kwanza nilifundisha vibaya. Niliandika ubaoni: Dante Alighieri, alizaliwa Firenze mwaka 1265, alikufa Ravenna mwaka 1321, kitabu chake kina nyimbo 100, yaani 34 za jehanamu, 33 za toharani, 33 za mbinguni. Watoto wakanakili katika kaye zao bila kuinua macho, kama mtu anayenakili bei ya chumvi. Kengele ilikuwa karibu kulia. Kusudi nijaze dakika zilizobaki, nikaongeza neno moja: watu wa mji wake walimfukuza, naye akafa pasipo kurudi kwao. Hapo kijana mmoja wa benchi la nyuma akanyosha mkono: «Padri, huyu naye alikuwa mkimbizi?» Nikajibu: ndiyo. «Na watoto wake?» Sikuwa na jibu. Jioni nilitafuta katika buku, nikaona kwamba mwaka 1315 hukumu ilirudiwa, na safari hiyo wana wa Dante waliingizwa pamoja na baba yao. Kesho yake niliporudi na habari hiyo, kalasi nzima ilikuwa imekaa kimya inaningoja.

Basi, nataka kueleza namna niliyojifunza baadaye ya kuyafundisha mashairi hayo, si kwa kunakili, bali kwa kuwafanya watoto watunge, waimbe, wachore na waigize. Nasema pia mahali pa hatari, kwani pako, na mimi nilitumbukia pale.

Kwanza tuelewe watu hawa walikuwa nani. Siku zile Firenze ilikuwa imegawanyika. Kulikuwa na Waguelfi na Waghibelini, na Waghibelini walipokwisha kushindwa, Waguelfi wenyewe wakapasuka: Weupe na Weusi. Majirani wa barabara moja, wakristu wa parokia moja, wakachomeana nyumba. Mwaka 1300 Dante alikuwa mmoja wa wakubwa wa mji kwa miezi miwili, naye pamoja na wenzake wakakubali wakubwa wa pande zote mbili wafukuzwe, hata rafiki yake Guido Cavalcanti, ambaye alishikwa na ugonjwa akafa mwaka ule ule. Kisha zamu yake ikafika. Mwezi wa kwanza wa mwaka 1302 alihukumiwa alipokuwa mbali na kwake, na mwezi wa tatu wakaongeza: akikamatwa, achomwe moto. Alizunguka karibu miaka ishirini, leo kwa bwana huyu, kesho kwa bwana yule. Katika miaka hiyo ya kulala kwa wengine ndipo alipotunga kitabu chake kikubwa.

Sina haja ya kuwaeleza watu wa Masisi na Walikale maana ya maneno hayo. Mwaka 1993 vita ilianza sokoni Ntoto, katika Walikale, ikapanda hadi Masisi, na tangu pale haikulala usingizi mrefu. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2025 M23 walitwaa Masisi-centre, kisha Goma; mwezi wa tatu vita ikafika Walikale-centre. Mtoto aliyezaliwa baada ya vita ya kwanza amekwisha kuwa baba, na watoto wake wamekwisha kukimbia.

Tena kazi hii si mchezo wa padri mmoja. Baba Mtakatifu Benedikto XV, mwaka 1921, aliandika barua juu ya Dante, akaipeleka kwa waalimu na wanafunzi wa masomo ya kikatoliki. Paulo VI aliandika mwaka 1965, Papa Fransisko mwaka 2021, miaka 700 baada ya kifo chake. Huyu wa mwisho aliomba Dante atolewe katika vyumba vya wenye elimu, apelekwe kwa watu wote.

Lakini msianze na Dante. Anzeni na Mtakatifu Fransisko.

Wimbo wake wa viumbe ni mfupi, mtoto anaweza kuushika kwa moyo. Ni shairi la kwanza la lugha ya Italia ambalo tunajua jina la mtungaji wake. Fransisko aliutunga mwaka 1225 karibu na kanisa la San Damiano, hali mgonjwa, macho yake karibu kufa, hawezi kuvumilia mwanga wa jua wala wa moto. Naye jua lile lililomtesa alilipa nafasi ya kwanza katika sifa zake. Tena hakuutunga kwa kilatini, lugha ya vitabu, bali kwa lugha ya nyumbani, ile ya wachuuzi na ya wamama wa Umbria. Waseminari wasipite mbio juu ya neno hilo. Anayewakataza watoto kutunga kwa Kihunde au kwa Kinyanga kwa sababu eti ni lugha za kijijini, akumbuke kwamba mashairi haya makubwa yalizaliwa hivyo. Dante naye aliandika buku zima kwa kilatini kutetea lugha ya nyumbani.

Kazi ya watoto ni hii. Kila mmoja achague kiumbe kimoja cha kwao, akiite ndugu, aseme sababu. Mnaona ni kazi ndogo. Ngojeni! Fransisko anasema kaka na dada, basi. Lakini kwetu huwezi kumtaja ndugu kwa urahisi hivyo. Kwa Kiswahili chetu tunasema mkubwa wangu na mdogo wangu. Kwa Kinyarwanda mvulana atayaita maji mushiki wanjye, lakini msichana hawezi kusema hivyo. Yeye atasema murumuna wanjye kama anayahesabu kuwa madogo kwake. Kalasi ikaanza mabishano: je, moto ni mkubwa wetu au mdogo wetu? Mlima ulitutangulia, basi ni mkubwa. Mvua inakuja na kwenda kama mtoto. Mmoja alikiita kiazi mdogo wake, kwani kinalala ndani ya udongo pasipo kulalamika. Katika saa moja walifikiri juu ya uumbaji kuliko katika mwezi mzima wa katekisimu yangu. Mwalimu akitaka, hapo awaeleze barua Laudato si' ya mwaka 2015, ambayo jina lake limetoka katika wimbo huo.

Halafu ikatokea jambo. Mtoto wa wachungaji alimchagua ng'ombe. Mtoto wa wakulima akasimama: ng'ombe si ndugu yake, ng'ombe alikula mahindi yao, na baba yake alipokwenda kulalamika alipigwa. Wote tunajua kwamba katika vilima vyetu ugomvi wa shamba na malisho hausimami kwenye ng'ombe. Nyuma ya ng'ombe kuna jina la kabila. Nilitaka kuwanyamazisha. Nikakumbuka habari ya kale, nikawasimulia.

Fransisko alipokwisha kutunga wimbo wake, askofu wa Assisi na mkubwa wa mji waligombana vikali. Askofu alimtenga mkubwa wa mji na Kanisa. Mkubwa wa mji naye akatangaza kwa sauti ya mbiu: mtu yeyote asimwuzie askofu kitu, asinunue kwake, asifanye naye mapatano. (Angalieni: kukatazana soko! Hatukuanza sisi.) Fransisko mgonjwa akasikitika kwamba hakuna hata mmoja, padri wala mlei, anayejaribu kuwapatanisha. Akaongeza katika wimbo sehemu mpya juu ya wale wanaosamehe na kuvumilia kwa amani. Akatuma mtu amwite mkubwa wa mji afike kwa askofu, akawatuma ndugu wawili wakauimbe wimbo mbele yao wote. Hapakuwa na hotuba wala karatasi ya kutia sahihi. Waliimba tu. Mkubwa wa mji alisimama, akafunga mikono kama wakati wa Injili, machozi yakamtoka, akasema anamsamehe askofu. Askofu akamwinua, akakiri kwamba kazi yake inamtaka awe mnyenyekevu lakini kwa tabia yeye ni mwepesi wa hasira. Wakakumbatiana.

Sitadanganya kwamba watoto wangu wawili walikumbatiana. Walikaa. Lakini yule wa mahindi aliandika mistari yake juu ya mahindi, na yule wa ng'ombe juu ya maziwa, kila mmoja akasoma mbele ya mwenzake mpaka mwisho, na hakuna aliyekatwa maneno. Sehemu ya mwisho ya wimbo, ile juu ya ndugu yetu kifo cha mwili, Fransisko aliitunga mwaka 1226 karibu na kufa. Mwalimu apime. Katika kalasi ambamo watoto wamezika wazazi, mimi ninaisoma mara moja, ninanyamaza, siwapi kazi juu yake.

Sasa Dante. Na hapa watu wa Walikale wana mali ambayo waalimu wa Ulaya hawana: wana Mwindo.

Vijana wengi wa Banyanga wamesikia jina lake kwa babu zao, ingawa wachache wameisikia hadithi yote. Mwaka 1956 mzee Candi Rureke aliiimba na kuisimulia siku kumi na mbili mfululizo, na mwaka 1969 Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, mtu wa Banyanga mwenyewe, wakaitoa katika buku. Shemwindo, mkubwa wa Tubondo, aliwaamuru wake zake wazae wasichana tu. Mwindo akazaliwa mvulana, tayari anatembea na kusema. Baba akataka kumwua: akamzika, akamfungia ndani ya ngoma, akamtupa mtoni. Mtoto hakufa. Alikwenda kwa shangazi yake Iyangura, akarudi kupigana, na baba akakimbilia chini ya nchi. Mwindo akamfuata kule, kwa Muisa. Kahindo, binti Muisa, alimwonya asipokee kiti wala pombe ya ndizi ya kule. Muisa akampa kazi ngumu, kulima shamba la ndizi na kurina asali. Na juu, Iyangura alishika ncha ya kamba: kamba ikitikisika, mtoto yu mzima. Mwisho Mwindo alimpata baba yake. Hakumwua! Alimrudisha kijijini, wakagawanya utawala. Baadaye, kwa kosa la kumwua joka, rafiki wa Nkuba, yaani umeme, alipandishwa juu angani, akakaa mwaka mzima akifundishwa na Mvua, Mwezi, Jua na Nyota, akashuka na sheria za kuwatawala watu vizuri.

Mtu anayeshuka chini ya nchi, anayepanda mpaka kwenye nyota, anayerudi na maneno kwa watu wake: je, mtoto aliyekwisha kusikia hayo ataona ugumu kumfuata Dante? Waambieni watoto walete Mwindo kwanza. Wawaulize wazee, walete kipande kipande, kalasi iunge. Kisha gaweni karatasi pande mbili, na wachore safari mbili, huku Mwindo, huku Dante. Nani anamwongoza? Nani anabaki juu akimshikia kamba? Kwa Dante kamba ile ni Beatrice, aliyeshuka kutoka mbinguni kumtuma Virgilio, na nyuma ya Beatrice ni Mtakatifu Lusia, na nyuma ya Lusia ni Bikira Maria. Watoto wanaona upesi. Wanaona pia tofauti, na tusizifiche: Mwindo anatafuta baba, Dante anatafuta njia iliyompotea, Mwindo anashinda kwa nguvu za fimbo yake ya mkia wa nyati, Dante hana nguvu yoyote, anazimia mara kwa mara na kuogopa kama mimi na wewe.

Katekista mmoja aliniuliza kama si vibaya kuingiza hadithi ya kipagani katika masomo ya Kanisa. Ni swali zuri. Jibu nalichukua kwa Dante mwenyewe: kiongozi wake katika jehanamu na toharani ni Virgilio, mpagani, na mlinzi wa mto wa wafu ni Karoni wa hadithi za Wagiriki. Hakuogopa kuwatumikisha. Lakini Virgilio hakuingia mbinguni pamoja naye. Alifika mpaka, akarudi. Mwindo naye atupeleke mpaka pale anapoweza.

Nimesema kuna mahali pa hatari. Ni jehanamu.

Nitakiri kosa langu. Mwaka wa pili nilifikiri nimepata njia nzuri: nikawapa watoto karatasi, nikawaambia wachore jehanamu yao, kila kosa na adhabu inayolifanana, kama Dante. Walifanya kazi kwa bidii sana, ningepaswa kushtuka. Nilipokusanya karatasi niliona majina. Majina ya majirani, jina la kiongozi wa waliochoma kijiji, na kwenye karatasi mbili, jina la kabila zima, limeandikwa kwa herufi kubwa ndani ya moto. Na watoto wa kabila hilo walikuwa wamekaa benchi la tatu! Sikujua la kusema. Nilipeleka karatasi zote jikoni, zikachomwa, na siku mbili nilifundisha sarufi.

Najua, Dante mwenyewe alitia watu wa siku zake katika jehanamu, hata mapapa. Lakini alifanya hivyo akiwa mtu mzima aliyepima miaka mingi, tena aliwatia watu wa upande wake pamoja na wa upande mwingine, na aliwalilia wengine. Mtoto wa miaka kumi na tano ambaye kidonda chake kingali wazi hana kipimo hicho. Ukimpa kalamu na jehanamu, umempa panga la karatasi. Kwa hiyo sasa nina sheria: jehanamu naisimulia mimi, kwa ufupi, watoto wanasikiliza. Kazi ya mikono yao inaanza katika toharani. Na katika toharani hakuna ruhusa ya kumtia mtu, ila mtu atajitia mwenyewe. Sheria hiyo nimeipata kwa Dante: akiwa na watu wa kijicho, alikiri kwamba anaogopa zaidi mzigo wa wenye kiburi, ule ulio chini, kwani anajua atakuja kuubeba.

Toharani ya Dante ni mlima. Mtoto wa Masisi hahitaji kuelezwa mlima! Una ngazi saba, moja juu ya nyingine, kama ngazi zile tunazolima kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Roho zinafika kwa mashua, zikiimba zaburi ya Waisraeli waliotoka Misri, zaburi ya wakimbizi. Malaika anaandika herufi saba kwenye paji la uso wa Dante, moja kwa kila dhambi kubwa, na kila ngazi malaika mwingine anafuta moja, na mtu anajisikia mwepesi zaidi. Ngazi ya kwanza, wenye kiburi wamebeba mawe mgongoni wameinama hadi chini, wakisali Baba Yetu. Wamama wetu wanavyopanda na mzigo wa mihogo, kamba kwenye paji la uso, ndivyo hivyo. Ngazi ya pili, wenye kijicho wameshonwa macho, wamekaa wameegemeana. Ngazi ya tatu, wenye hasira wamo ndani ya moshi mweusi. Kisha wavivu wanakimbia. Wenye tamaa ya mali wamelala kifudifudi, wamefungwa mikono na miguu, uso chini udongoni. Walafi wana njaa. Wazinzi wamo ndani ya moto. Nilipofika kwa wale waliolala kifudifudi, kijana mmoja ambaye ndugu zake wanachimba Rubaya alisema: «Padri, hao tunawajua.» Kule Walikale wangesema hivyo juu ya Bisie.

Makatekista wangalie jambo hili, litawafaa sana: katika kila ngazi mfano wa kwanza wa fadhila ni Bikira Maria, kupashwa habari, arusi ya Kana, kumtafuta Yezu hekaluni, kwenda kwa Elizabeti, umaskini wa Betlehemu, na karibu na kutoka linasikika moja la maneno ya heri ya Injili. Kwa wenye hasira ni heri ya wenye kuleta amani. Tena roho nyingi zinamwomba Dante awaambie walio hai wawaombee. Mwezi wa kumi na moja, mwezi wa marehemu, hakuna somo bora.

Kazi tunayofanya uwanjani ni ngazi ya tatu. Katika ngazi hiyo Dante haoni kitu, anashika bega la Virgilio kama kipofu, na roho zilizo katika moshi zinaimba Mwanakondoo wa Mungu, zote kwa sauti moja. Basi, watoto wafunge macho kwa vitambaa. Wapange mstari, kila mmoja mkono juu ya bega la aliye mbele. Mwalimu ndiye anayepanga nani nyuma ya nani, na mwenye kuelewa ameelewa: mtoto wa kilima hiki ashike bega la mtoto wa kilima kile. Mmoja tu mbele hafungwi macho. Wavuke uwanja wakiimba Mwanakondoo wa Mungu. Mkiimba ovyo, mmoja mbele mmoja nyuma, mstari unakatika, watu wanaanguka. Safari ya kwanza ulikatika karibu na mti wa avoka, wakacheka. Safari ya tatu walifika. Baadaye nawapa karatasi, waandike waliyosikia mkononi. Msiwaulize zaidi ya hapo. Wala msifanye kazi hiyo kama kuna mtoto aliyefungwa macho na watu wenye silaha. Mwulizeni mapema, kwa siri, naye awe yule wa mbele anayeona.

Juu ya utungaji wenyewe nitasema machache, lakini ni furaha kubwa. Dante anafunga mistari tatu tatu. Mstari wa kwanza na wa tatu unaishia kwa sauti moja. Ule wa kati unaita sauti ya kundi linalofuata. Ni mnyororo, kila pete inashika mwenzake. Na kiitaliano, kama Kiswahili, karibu kila neno linaishia kwa vokali. Kwa hiyo jambo hili gumu kwa Waingereza ni jepesi kwetu, hata kusoma kiitaliano kwa sauti watoto wetu wanakisoma vizuri kuliko kifaransa. Niliandika ubaoni mfano wangu mwenyewe:

Tulipotoka kwetu ilikuwa usiku,
mama alibeba mtoto na sufuria,
baba alibeba jembe na kuku.

Hatukujua pa kukimbilia,
mvua ilinyesha juu ya mlima,
na mdogo wangu akaanza kulia.

Nikawaachia ile ya kati, mlima. Kundi la kwanza likatafuta mlima, lima, kisima, nzima; likatunga tatu, likaacha sauti mpya katikati, likapeleka karatasi kwa kundi la pili. Karatasi ilizunguka wiki mbili. Hakuna kundi linaloweza kumaliza peke yake, kila moja linaishi kwa neno lililoachwa na wengine. Shairi letu halikuwa zuri sana, nasema ukweli, na mahali pengine mizani iliruka kama mbuzi. Lakini lilikuwa na mistari sitini na sita, na lilikuwa la wote.

Mbinguni ya Dante tunaipita haraka. Ni mwanga na mazungumzo makubwa ya teolojia. Waseminari watakaa nayo wakati wao. Kwa watoto nasimulia tu namna Tomaso wa Akwino, Mdominikano, anavyomsifu Fransisko, na Bonaventura, Mfransisko, anavyomsifu Dominiko: kila mmoja anasifu baba wa jamii ya mwenzake, na makosa anayakemea ya jamii yake mwenyewe. Hiyo nayo inaweza kuwa kazi ya kutunga. Naiacha kwa busara ya mwalimu, kwani inaweza kuwa tamu au kuwa uwongo mtupu.

Juu ya vitu vinavyohitajiwa, msiogope. Buku moja la mwalimu linatosha, hata la kifaransa. Mkaa na kipande cha ukuta vinachora mlima vizuri. Herufi saba tuliziandika kwenye ukanda wa jani la ndizi uliofungwa kichwani, kwani makaa kwenye ngozi wamama walilalamika juu ya sabuni. Muda ni saa moja kwa wiki, muhula mmoja. Wale wa Ijumaa Kuu watafute pia wimbo wa Yakopone wa Todi, Mfransisko aliyekufa mwaka 1306, juu ya Maria chini ya msalaba: umetungwa kwa mazungumzo, Mama, Mwana, mjumbe na umati, tayari kwa kuigizwa kanisani.

Neno moja lilibaki. Vitabu vyote vitatu vya Dante vinaishia kwa neno lile lile: nyota. Niliwaambia watoto wachague nao neno moja ambalo kila kundi litamaliza nalo sehemu yake. Walibishana, wakapiga kura, likashinda neno «nyumbani». Kijana mmoja akaomba ruhusa asilitumie, kwa sababu nyumba yao haiko tena na mahali pake hapajulikani. Kalasi ikakubali. Kundi lake lilimaliza kwa neno «njia».